Miundombinu ya data za kijiografia na metadata: istilahi na matumizi yake, kwa mifano ya Mkoa wa Singida

Miundombinu ya data za kijiografia ni mpangilio wa pamoja wa data, sera, viwango, mitambo, taasisi na wataalamu, unaowezesha taarifa kuhusu mahali kukusanywa mara moja, kutunzwa na mwenye dhamana nazo, na kutumiwa na wengi. Metadata ni maelezo yanayoambatana na data hizo: nani alizikusanya, lini, wapi, kwa kifaa gani, kwa usahihi wa kiasi gani, na kila neno lililomo lina maana gani.

Fasili hizi mbili zinamtosha mwanafunzi anayejibu swali la mtihani. Hazimtoshi mfasiri aliyekabidhiwa waraka mzima wa serikali, wala mwalimu anayeulizwa darasani kwa nini ofisi ya maji na ofisi ya takwimu za wilaya moja zina idadi mbili tofauti za vijiji. Makala hii inafafanua istilahi za uwanja huu na kutetea hoja moja, kwamba kuandaa kiwango cha pamoja cha metadata ni kazi ya kamusi kabla ya kuwa kazi ya kompyuta. Mifano mingi imetolewa Singida kwa sababu matatizo yote ya uwanja huu yanapatikana ndani ya mkoa huo mmoja, na mengine yanafurahisha kwa mtu apendaye maneno.

Mitego iliyomo katika jina lenyewe

Tuanze na kosa linaloonekana mara nyingi zaidi, yaani "data za anga". Anga ni uwazi ulio juu yetu. Ndiyo maana tunasema usafiri wa anga, na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege tunaziita picha za anga. Msomaji anayekutana na "miundombinu ya data za anga" atafikiria mvua, ndege au satelaiti. Kisima cha Ikungi hakiko angani. Kilichofasiriwa hapo ni neno la Kiingereza lenye maana ya nafasi ambamo vitu hukaa, na mfasiri amechukua maana ya kwanza aliyoikuta katika kamusi. Istilahi zinazofaa ni "data za kijiografia" au, pale tunapotaka wepesi, "data za mahali". Ninapendelea ya kwanza katika maandishi rasmi na ya pili katika fomu zinazojazwa na wananchi.

Neno la pili ni lile linalohusu ukubwa wa eneo. Nchini Tanzania neno la Kiingereza linalotumika kwa mkoa ndilo hilohilo linalotumika katika mashirika ya kimataifa kwa kundi la nchi jirani, ambalo Kiswahili hulieleza kwa neno "kanda". Kwa hiyo waraka uleule unaweza kuzungumzia miundombinu ya mkoa, yaani ya Singida na halmashauri zake, au miundombinu ya kikanda, yaani ya Afrika Mashariki na Kusini, kama ile inayoshughulikiwa na kituo cha RCMRD kilichoanzishwa mwaka 1975 na chenye makao yake Nairobi, ambacho Tanzania ni mwanachama wake. Isitoshe, ndani ya Tanzania tunazo kanda nyingine zilizo kati ya mkoa na nchi: Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kati na kadhalika. Mfasiri hana budi kujiuliza kila mara: ni mkoa, ni kanda ya ndani, au ni kanda ya nchi kadhaa?

Swali hilo lina uzito wa kweli. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati iko mjini Singida, lakini bonde lenyewe halifuati mipaka ya mkoa. Maji ya mbuga ya Wembere huelekea Ziwa Kitangiri, kisha kupitia Mto Sibiti huingia Ziwa Eyasi, na hayafiki baharini kamwe. Bonde hilohilo linajumuisha pia Ziwa Natron, linalopokea maji ya mto Ewaso Ng'iro wa Kusini kutoka Kenya. Kwa upande mwingine, sehemu ya kusini ya Manyoni humwaga maji yake upande wa Rufiji. Mtaalamu wa maji aliyeko Singida anahitaji, kwa kazi moja, data za mkoa wake, za mikoa jirani na za nchi jirani. Akifungua faili la jirani na kukuta safu yenye kichwa "kiwango", aijue vipi maana yake?

Nalo neno "kiwango" ni mtego wa tatu. Tunasema kiwango cha mshahara, kiwango cha maji kisimani, na Shirika la Viwango Tanzania. Maana hizi tatu, yaani kiasi, kimo na kipimo kilichokubaliwa, hukaa pamoja bila ugomvi katika mazungumzo, lakini sentensi kama "data za viwango vya maji katika Bonde la Kati" ina maana mbili zilizo sawa kwa nguvu: kimo cha maji katika visima na maziwa, au ubora unaotakiwa wa maji ya kunywa. Ushauri wangu ni kuandika "kina cha maji" au "kimo cha maji" kwa maana ya kwanza, na kuliacha neno "kiwango" kwa maana ya kipimo kilichokubaliwa.

Hatimaye, viwango hivyo ni "vya pamoja", si "shirikishi". Kiambishi hicho cha -shi kimetumika kupita kiasi katika lugha ya miradi. Kitu shirikishi ni kile kinachowashirikisha watu katika kukitenda, kama upangaji shirikishi wa matumizi ya ardhi. Kiwango kinaweza kuandaliwa kwa njia shirikishi na kisiwe cha pamoja, ikiwa kila ofisi itarudi kwake na kutumia cha kwake.

Kuhusu neno "metadata", baadhi ya waandishi hutumia "data juu ya data". Maelezo hayo ni mazuri kwa siku ya kwanza darasani, lakini hayawezi kubeba vivumishi wala kuingia katika sentensi ndefu. Ninalitumia "metadata" kama istilahi, katika ngeli ya I-ZI sawasawa na "data" (data hizi zimehakikiwa, metadata hizi hazijakamilika), na "maelezo ya data" pale ninapozungumza na mtendaji wa kijiji. Tusilichanganye na "takwimu": takwimu ni hesabu zinazotokana na data baada ya kuchambuliwa.

Pambizo ya ramani

Dhana yenyewe si ngeni. Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba ramani kamili huwa na jina, ufunguo, dira, kipimio na fremu. Ukiondoa fremu, vyote vilivyobaki ni metadata. Karatasi za ramani za skeli ya 1:50,000 za Tanzania zilibeba zaidi ya hayo katika pambizo zake: mwaka wa picha za anga zilizotumika, mfumo rejea, na namba za karatasi jirani. Aliyeishika karatasi alishika pia maelezo yake. Data zilipoingia katika kompyuta, pambizo ilikatwa. Faili hupita kutoka kishikwambi hadi kishikwambi likiwa na nukta na rangi, bila ufunguo.

Wataalamu wa historia ya maneno huliunganisha neno "ramani" na vitabu vya mwongozo vya manahodha wa Bahari ya Hindi, kwa asili ya Kiajemi yenye maana ya kionesha njia. Vitabu hivyo vilikuwa maandishi: majira ya pepo, vimo vya nyota, masafa kati ya bandari. Ramani yetu, kwa asili ya jina lake, ilianza kama maelezo na picha ikafuata. Naliona jambo hilo kuwa kumbusho zuri kwa wale wanaodhani maelezo ni pambo la kuongezwa mwishoni, muda ukipatikana.

Namba tatu za mkoa mmoja

Mtu anaweza kusema: maneno yana utata, basi tutumie namba. Tuitazame Singida. Katika mfumo wa sensa wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mkoa huu ni namba 13. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3166-2, ni TZ-23. Katika mfumo wa postikodi, ambao wengi waliufahamu wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, namba zake huanza na 43.

Tatizo si wingi wa namba. Tatizo ni kwamba namba hizo zina wenyewe wengine. Katika orodha ya ISO, 13 ni Mara. Namba 23 ni Katavi kwa mtu wa sensa, na Arusha kwa mtu wa postikodi. Mtu akiunganisha majedwali mawili kwa safu iliyoandikwa tu "namba ya mkoa", kompyuta haitalalamika hata kidogo; itawahamishia watu wa Singida kwenye visima vya Mara na kutoa ramani safi yenye rangi nzuri. Kosa la neno mara nyingi hujitangaza, kwa sababu msomaji hushtuka. Kosa la namba hukaa kimya. Kwa hiyo metadata lazima zitaje orodha iliyotumika, kwa jina lake na toleo lake: "namba ya mkoa kwa mujibu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Sensa ya 2022".

Toleo nalo halina budi kutajwa, maana maeneo hubadilika. Wilaya za Ikungi na Mkalama zilianzishwa mwaka 2012. Ya kwanza ilitokana na Wilaya ya Singida, ya pili ilitokana na Iramba. Rekodi ya mwaka 2011 isemayo "Iramba" inahusu eneo ambalo leo ni wilaya mbili. Ukilinganisha idadi ya visima vya Iramba ya mwaka 2011 na ya mwaka 2020 bila kujua hilo, utadhani nusu ya visima vimekufa, na bajeti itapelekwa kufukuza kivuli.

Zaidi ya hayo, Mkoa wa Singida una wilaya 5 na halmashauri 7. Wilaya ya Singida ina Halmashauri ya Manispaa na Halmashauri ya Wilaya; Wilaya ya Manyoni ina halmashauri za Manyoni na Itigi. Katika mazungumzo watu husema "wilaya" kwa maana ya halmashauri, na hakuna anayepotea njia. Katika jedwali, safu ya "wilaya" yenye majina saba na nyingine yenye majina matano haziwezi kuunganishwa mpaka mtu aulize. Wafasiri wanisikilize hapa: wilaya ni eneo lililo chini ya mkuu wa wilaya, halmashauri ni mamlaka ya serikali za mitaa. Tukiyafasiri yote mawili kwa neno moja la Kiingereza, tunaufuta mpaka ambao sheria imeuweka.

Ngazi za chini zina tofauti zake za kimaeneo, ambazo mtu wa miundombinu ya kikanda lazima azijue. Tanzania Bara ina tarafa, kata, kijiji au mtaa, na kitongoji. Zanzibar ina shehia. Kenya, tangu mfumo wa ugatuzi uanze mwaka 2013, ina kaunti na wadi. Neno "kitongoji" kwa Mtanzania ni sehemu halali ya kijiji, yenye mwenyekiti wake. Msomaji wa magazeti ya Kenya amelizoea zaidi katika "vitongoji duni", yaani makazi ya watu maskini mijini. Mtu wa Nairobi akipokea orodha ya vitongoji vya Mkalama anaweza kushangaa jinsi wilaya isiyo na mji mkubwa ilivyojaa mabanda.

Kisima ni nini?

Hapa ndipo penye uzito kuliko kwingine, kwa sababu panahusu ndoo ya mtu. Singida ni mkoa mkavu wenye msimu mmoja wa mvua, na mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2. Swali "kijiji hiki kina maji?" huamua nani atachimbiwa na nani atasubiri.

Neno "kisima" hutumika kwa shimo lililochimbwa kwa jembe, kwa kisima kifupi chenye pampu ya mkono, kwa kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, na mara nyingine kwa bomba lililosimama mbele ya shule ambalo chanzo chake kiko kilomita kadhaa kutoka hapo. Kisima kirefu kimoja kinaweza kulisha vituo kumi na zaidi vya kuchotea maji, ambavyo watu huviita vilula au magati. Ofisi moja ikihesabu vyanzo na nyingine ikihesabu vituo, zote zitaandika "visima", na zote zitakuwa zimesema kweli kwa kadiri ya neno walilolitumia. Wala tusisahau lambo, ambalo kwa wafugaji ndilo chanzo kikuu, na ambalo fomu nyingi hulitia chini ya "mengineyo".

Mfano wa wazi unapatikana katika data za vituo vya maji vijijini zilizokusanywa kwa ajili ya Wizara ya Maji mwanzoni mwa miaka ya 2010. Sehemu ya data hizo, rekodi 59,400 za nchi nzima, ilitumika baadaye katika shindano la wazi la mtandaoni la kutabiri pampu zinazoharibika, na Singida imo. Ni kazi kubwa na ya kuheshimiwa. Mtu aliyewahi kutembea na kifaa cha GPS kutoka kitongoji hadi kitongoji ataielewa. Lakini tazama safu ya aliyejenga kituo. "HESAWA" na "Hesawa" ni majina mawili mbele ya kompyuta. "DWE", kifupi cha mhandisi wa maji wa wilaya kwa Kiingereza, kipo jirani na "Idara ya maji", ambayo huenda ni ofisi ileile iliyotajwa na mtu aliyependelea Kiswahili. Zaidi ya theluthi moja ya rekodi zina mwaka wa ujenzi ulioandikwa 0.

Hiyo sifuri inastahili aya yake. Hakuna pampu iliyojengwa mwaka 0. Sifuri hapo inamaanisha "haijulikani". Katika safu nyingine za jedwali lilelile sifuri inaweza kuwa namba halisi. Na zipo rekodi zaidi ya elfu moja ambazo longitudo yake ni 0, jambo linaloviweka vituo vya maji vya Tanzania katikati ya Ghuba ya Guinea. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutofautisha hali hizi: "haijulikani" (jibu lipo ila hatulijui), "haihusiki" (swali haliingii hapa), "haikuulizwa", na "sifuri" (tumehesabu tukapata sifuri). Neno la kuepukwa ni "hakuna", kwa sababu humaanisha yote manne. Fomu yenye "hakuna" huzalisha data ambazo hakuna kiwango kitakachoziokoa baadaye.

Halafu kuna hali ya kituo. Data hizo ziliigawa katika makundi matatu: kinafanya kazi, kinafanya kazi lakini kinahitaji matengenezo, na hakifanyi kazi. Kisima kifupi kinachotoa maji mwezi Machi na kukauka mwezi Septemba kiko kundi gani? Jibu linategemea siku ambayo mkusanyaji alifika. Ndiyo maana tarehe ya kukusanya, ambayo wengi huiona kama urasimu, ndiyo inayoamua ukweli wa neno "kinafanya kazi". Kijiji kilichotembelewa masika huonekana kina maji mwaka mzima, na mama anayeamka alfajiri ya Oktoba kwenda mbali haonekani popote katika jedwali.

Mbuga, kichaka na msitu

Maneno ya uoto na udongo yana historia inayofaa kusimuliwa darasani. "Mbuga" katika Kiswahili cha vitabu vya watalii ni hifadhi ya wanyama. Katika matumizi ya Tanzania ya kati ni bonde tambarare lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaotuamisha maji masika na kupasuka kiangazi. Wembere ni mbuga kwa maana hii. Wanasayansi wa udongo walilichukua neno hilo kutoka kwetu tangu zama za ukoloni na kulitumia katika maandishi yao ya Kiingereza kwa maana hiyohiyo ya kienyeji. Kwa hiyo mfasiri anayeigeuza "mbuga" ya ripoti ya udongo kuwa hifadhi ya wanyama amewafungia wakulima eneo ambalo linafaa kwa mpunga.

"Kichaka" nacho, kwa kiambishi chake cha udogo, hutupa picha ya majani machache nyuma ya nyumba. Vichaka vya Itigi ni uoto wa pekee, mnene, wa mita chache kwenda juu, uliotanda mamia ya maelfu ya hekta. Ramani itakayoviita "msitu" itawapotosha watu wa misitu. Itakayoviita "pori" itawapa wengine sababu ya kuvifyeka, kwa sababu pori katika masikio ya wengi ni ardhi isiyo na mwenyewe. Hili la mwisho si jambo dogo katika mkoa wenye mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi upande mmoja, na upande mwingine Msitu wa Mgori, ambao katika miaka ya 1990 vijiji vitano viliuchukua na kuusimamia vyenyewe. Neno lililoandikwa katika ufunguo wa ramani linaweza kusomwa baadaye mahakamani.

Suluhisho si kuyafukuza maneno haya. Ni kuyaandikia fasili ndani ya metadata, fupi na inayopimika: kichaka, uoto wa miti midogo wenye kimo cha kuanzia mita fulani hadi mita fulani, uliofunika asilimia fulani ya ardhi. Fasili ikishaandikwa, Mnyaturu, Mnyiramba na Mgogo wanaweza kuendelea na majina yao, na yakaingizwa kama visawe.

Majina ya mahali yanahitaji visawe vivyo hivyo. Kitangiri huandikwa pia Kitangire. Wembere huandikwa Wembele. Na ubadilishanaji huo wa r na l tunaujua kutoka katika jina la Wanyiramba wenyewe, ambao vitabu vingine huwaita Wanilamba. Kiwango kizuri huwa na jina rasmi moja na nafasi ya majina mbadala. Kulifuta jina mbadala ni kukata uzi unaoziunganisha ramani za zamani na za leo.

Majiranukta

Kwa namba zinazotaja mahali, tumieni "majiranukta". Tafsiri za mashine zimetuletea "kuratibu za GPS". Kuratibu ni kitenzi, ni kazi ya mratibu wa semina. Mafundi wa uwandani husema "kuchukua pointi", na sioni ubaya wowote wa usemi huo katika mazungumzo.

Majiranukta bila mfumo rejea hayajakamilika. Ramani za zamani za Tanzania zilitumia mfumo wa Arc 1960, na vifaa vya GPS kwa kawaida hutumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa katika mfumo usio wake husogeza mahali kwa zaidi ya mita mia mbili. Umbali huo unatosha kukihamisha kisima kutoka kijiji kimoja hadi kingine, au kuliingiza shamba la mtu ndani ya hifadhi.

Vipengele saba vya lazima

Kiwango kinachotumika zaidi duniani kwa metadata za kijiografia ni ISO 19115, kilichotolewa mwaka 2003 na kuhuishwa mwaka 2014. Hakimtaki kila mtu ajaze kila kitu. Vipengele vyake vimegawanywa katika vya lazima, vya sharti (hutakiwa hali fulani ikiwapo) na vya hiari. Katika toleo la mwaka 2003, vipengele vya msingi vilikuwa 22, na vya lazima kati ya hivyo ni saba, ambavyo ninapendekeza viitwe hivi: jina la seti ya data, tarehe rejea, lugha ya data, kundi la mada, ikisiri, mwenye dhamana wa metadata, na tarehe ya metadata. Epukeni "muhtasari" mahali pa ikisiri, maana muhtasari kwa Watanzania ni kumbukumbu za kikao.

Lugha ni kipengele cha lazima, na kiwango kinaruhusu maelezo kutolewa kwa lugha zaidi ya moja. Kwa hiyo anayesema Kiswahili hakina nafasi katika mifumo hii hajaisoma. Kundi la mada huchaguliwa katika orodha maalumu, na hapo mfasiri awe macho: kundi la maji yaliyo ndani ya nchi kavu lisiitwe "maji baridi", kwa sababu maziwa Singidani na Kindai, yaliyo mjini Singida kwenyewe, yana maji ya chumvi. "Maji ya bara" yanafaa.

Rekodi fupi ya kubuni, kwa ajili ya darasa, ingesomeka hivi:

Jina: Vituo vya kuchotea maji, Wilaya ya Mkalama
Tarehe rejea: 2024-09-18
Lugha: Kiswahili
Kundi la mada: huduma za umma
Ikisiri: Mahali na hali ya kila kituo cha kuchotea maji. Kituo ni bomba au pampu ambapo mwananchi huchota. Chanzo kimoja chenye vituo vingi kimehesabiwa kwa vituo. Malambo yamo katika seti nyingine. Hali imerekodiwa kiangazi. Thamani "haijulikani" imeandikwa kwa neno, si kwa sifuri. Mipaka ya vijiji ni ya Sensa ya 2022.
Mfumo rejea: WGS 84
Mwenye dhamana wa metadata: ofisi ya maji ya wilaya
Tarehe ya metadata: 2024-10-02

Mistari hiyo haizidi ukurasa mmoja wa daftari. Mtendaji wa kijiji anaweza kuisoma, kuipinga na kuisahihisha, jambo asiloweza kulifanya kwa rekodi ya Kiingereza iliyojazwa na mshauri aliyekwisha kuondoka.

Tarehe na saa

Tarehe ziandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, kama hapo juu. Tarehe 03/04/2013 ni ya Aprili kwa Mtanzania na ya Machi kwa programu iliyotengenezwa Marekani.

Kuhusu saa, Kiswahili kina hesabu yake inayoanza na mapambazuko, na mkusanyaji atakayeandika kwamba alipima kina cha kisima "saa 2:30" amesema kweli kwa kila msomaji wa Singida. Mashine itaisoma kuwa usiku wa manane umepita kwa saa mbili na nusu. Katika safu ya saa iandikwe 08:30, na fomu iliyo mkononi mwa mkusanyaji imwoneshe kando yake: saa 2 na nusu asubuhi.